Mwanga wa mtoni usiutafute kwenye rangi nyeupe
Wewe unayechora kwa rangi za maji, kabla hujagusa rangi nyeupe hebu tazama mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner alivyoichora ngome ya Norham. Ipo kando ya mto Tweed, mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Alifika hapo mara ya kwanza mwaka 1797, kijana wa miaka 22, na akawa anairudia hadi uzeeni.

Jua kaliweka nyuma ya ngome. Kwa hiyo huoni jiwe kwa jiwe, unaona umbo la buluu tu, na mwanga wote umebaki angani na majini. Mwanga wenyewe ni karatasi iliyoachwa bila kupakwa nyeupe.

Jaribu hivi. Chukua karatasi nzito, gramu 300 kwa mita mraba, maana nyepesi itajikunja. Iloweshe, pitisha njano hafifu mbinguni na mtoni, halafu subiri ikauke kabisa. (Mimi subira huniishia hapa, ngome ikageuka tope.) Weka buluu ya ngome, na ingali mbichi, ivute chini kwa brashi yenye maji matupu ili kivuli chake kilale mtoni.

Unataka mmeto juu ya maji? Rangi ikishakauka, piga mstari kwa maji safi, hesabu hadi kumi, gandamiza kitambaa kikavu. Rangi inanyanyuka, weupe unarudi. Turner naye alinyanyua rangi hivyo, na pengine alikwangua karatasi kabisa.

Ng'ombe wanaokunywa maji mtoni, kama wale wa Turner, waachie mwisho. Madoa matatu ya kahawia yanatosha.