SOMO: Kijiti cha RTL-SDR "hakisomi meli"? Soma hapa kabla hujakitupa

Wakuu, kijiti cha RTL-SDR ni kipokezi cha redio kinachochomekwa USB, na hapa tunakitumia kuona meli kwenye ramani ya kompyuta. Wiki hii pekee nimeulizwa inboksi mara nne swali lile lile: "Nimenunua kijiti, nimefungua programu, meli hata moja sioni, ni kibovu?" Si kibovu. Katika vyote nilivyoletewa hapa Kigamboni, kilichokufa kweli ni kimoja, na hicho kilimwagiwa chai. Naandika mara moja. Ukiuliza tena nakurudisha hapa.

Tunachotafuta ni AIS: meli hujitangaza jina, mahali ilipo, mwendo na uelekeo kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Wewe unapokea tu, hurushi chochote. Mambo ya leseni za kurusha waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, sio mimi.

1. Kwa kuanzia, chomeka kijiti kwenye kompyuta moja kwa moja, bila hab (kigawa matundu ya USB).

2. Draiva. Kwa Windows fungua Zadig, programu ya kuweka draiva, nenda Options, weka tiki List All Devices, chagua ile inayoanza na Bulk-In na kuishia na 0. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuweka draiva, soma namba ya USB: iwe 0BDA 2838. Ukiona 0BDA peke yake usishangilie, kisoma kadi cha laptopu yangu nacho ni 0BDA. Kisha chagua WinUSB, ubonyeze. Kwa Linux, izuie draiva ya televisheni, dvb_usb_rtl28xxu, isijipakie, halafu washa mashine upya. Kijiti hiki kilitengenezwa kiwe cha televisheni, na Linux bado inakiita kwa jina la utotoni.

3. Fungua SDR#, programu ya kusikilizia redio, nenda kwenye redio yoyote ya FM. Ukisikia muziki, kijiti ni kizima. Hadithi ya ubovu iishie hapo.

4. Antena: vipande viwili vya waya mgumu, sentimita 44 kila kimoja, kimoja juu kimoja chini, vikiwa wima. Ukivilaza, unapoteza. Kebo ya dishi inatosha kwa kupokea.

5. ppm. Hapa ndipo niliposota wiki mbili, kwa hiyo someni taratibu. Ndani ya kijiti kuna fuwele inayoshika masafa. Kwenye vijiti vya bei ya chini fuwele hiyo hupotoka, na kupotoka kwake hupimwa kwa sehemu katika milioni, ndiyo ppm. Changu kilipotoka 62. Zidisha kwa MHz 162, unapata kama kHz 10. Chaneli ya AIS ina upana wa kHz 25, yaani 12.5 tu kila upande wa katikati, kwa hiyo nilikuwa kama nimebisha hodi nyumba ya jirani na kulalamika kwamba mwenyeji hafungui. Kilichonipoteza ni kwamba FM ilicheza safi kabisa. Kituo cha FM kina upana wa karibu kHz 200. kHz 10 kwake si kitu. Basi nikaunda antena tatu. Nikanunua kebo mita 20. Nikapanda juu ya bati saa saba mchana, nikashuka na malengelenge viganjani, nikampigia muuzaji nikamtolea maneno ambayo baadaye ilibidi nirudi kumwomba radhi.

Jinsi ya kupima: kwenye Linux tumia kalibrate, inayolinganisha kijiti na minara ya simu ya GSM. Andika kal -s GSM900, chagua mnara wenye nguvu kuliko yote, halafu kal -c na namba ya chaneli yake. ANGALIZO: kiache kijiti kifanye kazi dakika 20 kwanza. Mimi nilipima kikiwa baridi nikapata 71, kikapata joto kikahamia 62. ANGALIZO la pili: ikigoma, jaribu namba hiyo hiyo ikiwa hasi. Kama kijiti chako kimeandikwa TCXO, yaani fuwele isiyoyumbishwa na joto, kosa lake ni kama ppm 1 tu, ruka hatua hii.

6. Geini (kiasi cha kukuza mawimbi) usiiache otomatiki. Mjini redio za FM zina nguvu mno, zinakiziba kijiti masikio. Anza na 33.8, ongeza au punguza huku ukihesabu ujumbe unaoingia kwa dakika.

7. Endesha AIS-catcher, programu inayosoma AIS:
AIS-catcher -p 62 -gr tuner 33.8 rtlagc off -N 8100
Weka ppm yako, sio yangu. Fungua kivinjari, localhost:8100, ramani hiyo hapo.

MASWALI

Kitoweo77: Mkuu nimefuata kila kitu ila kipanya kimeacha kufanya kazi. Programu yako ina virusi?

Mleta somo: Programu si yangu na virusi haina. Umekipa kipanya draiva ya kijiti. Hatua ya 2 imesema soma namba ya USB KABLA ya kubonyeza. Nenda Device Manager kwa kibodi, ondoa kifaa hicho pamoja na draiva yake, chomoa kipanya, chomeka tena.

FundiKata: Nimeweka -p 62 sioni kitu.

Mleta somo: 62 ni ya kijiti changu.

FundiKata: Sasa si ungeandika?

Mleta somo: Hatua ya 7, mstari wa mwisho.

BintiPwani: Shukrani sana kwa somo, mimi imekubali. Nina maswali mawili. Kwanza, kuna meli naziona kwenye ramani ila hazina jina, namba tu, halafu baada ya muda jina linatokea. Pili, majahazi yanapita mbele ya macho yangu kabisa na ramani haiyaoni.

Mleta somo: Maswali ya mtu aliyekaa akatazama, safi sana. La kwanza: meli kubwa ikiwa mwendoni hutangaza mahali ilipo kila sekunde 2 hadi 10, lakini jina na bandari iendako hutangaza kila baada ya dakika 6. Ikikupotea ujumbe mmoja tu wa jina, unasubiri dakika 6 nyingine. Wakati huo soma ile namba ya tarakimu 9: tatu za mwanzo ni nchi iliposajiliwa. 674 na 677 ni Tanzania, 634 ni Kenya. La pili: sheria ya kimataifa inazibana meli za abiria za ukubwa wowote, na za mizigo kuanzia tani 300 zinazotoka nje ya nchi. Jahazi halimo. Ramani isikudanganye kwamba bahari ni tupu.

BintiPwani: Na umbali? Naishia kama kilomita 30.

Mleta somo: Uko sawa kabisa. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya meli, zidisha kwa 4.12. Yako mita 9, ya meli 25: 3 na 5 ni 8, kilomita 33. Kuongeza kimo kunasaidia kuliko kuongeza geini. Ila usiku wa joto, upepo ukitulia, acha mtambo ukiwaka. Kuna siku nilipata meli kaskazini ya Unguja, zaidi ya kilomita 100. Hewa ya joto hukaa juu ya ile ya baridi, mawimbi yanapita katikati kama kwenye bomba.

Nahodha_Mstaafu: Nyongeza: kabla ya kununua kichujio cha kuzuia FM, zimeni taa za LED na chaja za simu moja moja huku mkitazama skrini. Kwangu kelele zote zilitoka kwenye chaja moja ya sebuleni.

Mleta somo: Kweli kabisa mzee wangu. Na kijiti kikishakubali, kiwekeni mbali na laptopu kwa kebo ya USB ya mita mbili.

FundiKata: Kinaweza kuona na ndege?

Mleta somo: Kinaweza. 1090 MHz, waya wa sentimita 6.9. Umeshapima ppm?

FundiKata: Bado.

Kitoweo77: Kipanya kimerudi. Ila sasa kijiti ndio hakionekani.

Mleta somo: Umefuta vyote viwili. Hatua ya 2.