Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwaga kokoto kwenye njia za bustani

Hapa Mwanza kokoto hazitafutwi mbali, kwa kuwa vilima vyenyewe ni mawe, na wagongaji wanaozipasua kwa nyundo huziuza hata kwa ndoo, hivyo mwenye fedha kidogo anaweza kununua kidogo kidogo. Gharama inayouma ni ya kurudia kazi. Njia yangu ya kwanza, kati ya matuta ya mchicha, niliimwagia kokoto juu ya nyasi bila kuchimba. Masika ilipokwisha, nyingi zilikuwa zimeshukia kwenye matuta, na kila nilipopalilia jembe liligonga jiwe.

Kwa hiyo anza kwa kuyachunguza maji. Viwanja vyetu vingi viko kwenye mteremko. Subiri mvua kubwa, na mara inapokatika upite bustanini ukichomeka vijiti pale maji yalipochimba mkondo na pale yalipotuama. Njia isishuke na mkondo huo moja kwa moja, bali iukate mteremko kwa kukingama, na isipowezekana, pangwe mawe makubwa ya kuzuia kila baada ya hatua moja au mbili ili kokoto zisiporomoke.

Linalofuata, ambalo wengi hulipuuza, ni ndago. Ukiling'oa jani lake, chini hubaki vinundu vyeusi mfano wa shanga, navyo huchipua upya na kutoboa hata kiroba. Chimba sentimita 10, pekua udongo kwa vidole, toa vinundu, mwagilia, ngoja wiki mbili, kisha ng'oa vilivyochipua ndipo ushindilie. Juu yake tandika viroba vilivyofumwa, vinavyopitisha maji. Nailoni haifai, maana maji yatatuama. Kiroba kisiachwe wazi popote, kwani jua hukichakaza na nyuzi zake huishia kwenye udongo tunaolimia chakula.

Kwa mtu mwenye ndoo, upana wa sentimita 60 unatosha. Kwa toroli, weka 90. Kingo ziwe za mawe au matofali yaliyozikwa nusu.

Njia ya mita 10 yenye upana wa sentimita 60 na unene wa kokoto wa sentimita 5 huhitaji mita za ujazo 0.3, yaani ndoo 15 za lita 20. Ongeza mbili, kwa kuwa zitashuka zikikanyagwa. Chagua kokoto zenye kona, ambazo hushikana, kuliko mawe ya mviringo yanayoteleza chini ya mguu. Tafadhali usiyazoe ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mwisho, kabla hujalipa, pima kwa macho mahali gari litakapoishia, kwa sababu kwa sisi tunaoishi juu mlimani kubeba ndoo hizo 17 kunaweza kugharimu kuliko kokoto zenyewe. Patana na wabebaji mapema, wakati wa kiangazi, kabla vuli haijafanya vijia kuteleza.