Kabla ya kuita harambee, tafuta DD 214

Kitinda mimba wetu aliingia jeshi la Marekani wakati lilipokuwa likitafuta wasemaji wa lugha kama Kiswahili. Alipofariki, sisi Wakenya wa Brooklyn Park, Minnesota, tulifanya tunachokijua: jioni ile ile kundi la WhatsApp, kamati, mweka hazina, bajeti. Tukaandika kaburi, kuchimba na jiwe. Vyote vitatu marehemu alikuwa ameshavilipia kwa miguu yake jeshini, ila hakuna aliyejua. Kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye bado hujafiwa.

Tafuta karatasi iitwayo DD 214, anayopewa mwanajeshi siku anapoachiliwa. Inaonyesha alitumikia muda gani na aliondoka vipi. Aliyefukuzwa kwa aibu hana haki hizi. Yetu tuliikuta ndani ya boksi la viatu, chini ya risiti za pesa alizokuwa akituma nyumbani. Ukiikosa, nakala huombwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, na ukieleza kwamba kuna maziko wanalitanguliza ombi lako.

Kisha piga 800-535-1117, ofisi ya Idara ya Maveterani, yaani waliowahi kuwa wanajeshi, inayopanga maziko ya makaburi ya taifa, ambako vile vitu vitatu ni bure. Kwa kawaida nyumba ya mazishi hupiga kwa niaba yako, lakini sikiliza wanachosema. Yetu ilitupa bei ya "gwaride". Hakuna bei. Tangu 2000 sheria inaipa familia wanajeshi wasiopungua wawili, bila malipo: wanakunja bendera, wanaikabidhi, na tarumbeta ya maombolezo inapigwa. Kinachobaki juu yenu ni jeneza na kazi ya nyumba ya mazishi yenyewe, na huko ndiko michango yetu ilikokwenda.

Sisi tulipata makaburi ya taifa ya Fort Snelling, hapa Minneapolis. Mambo mawili yaliwashtua wazee. Kwanza, maziko ni siku za kazi, kwa hiyo sahau Jumamosi yako. Pili, ibada hufanyika kwenye kibanda, kama dakika 20 hivi, si kaburini. Mzee mmoja alikuja na udongo wa kurusha, akabaki nao mfukoni. Jioni tuliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na hapo ndipo akaurusha. Risasi za heshima zilipigwa kwa bunduki na wazee wa kujitolea, kikosi kilichoanza 1979, nao husimama hata kwenye baridi ile unayoijua.

Sasa bendera. Ni moja tu, na mke ndiye wa kwanza. Mama, aliye Nyamira, alidhani itamfikia yeye, na maneno yakaanza. Dawa tuliyoipata ni cheti cha kumbukumbu chenye sahihi ya Rais: kinaombwa kwa fomu 40-0247 ya Idara ile ile ya Maveterani, na unaweza kuomba nakala zaidi ya moja. Ya mama iko sebuleni.

Ukiamua kuusafirisha mwili nyumbani, usitegemee serikali ilipe ndege. Hapo harambee ni yako. Lakini jiwe la kaburi unaweza kuliomba hata kwa makaburi yaliyo nje ya Marekani, fomu 40-1330, ukichagua alama ya dini yake, iwe msalaba au mwezi na nyota. Kulisimamisha ni gharama yenu.

Kuna na pesa kidogo ya maziko, fomu 21P-530EZ. Kifo kikiwa kimetokana na utumishi wa jeshi, ni hadi dola 2,000. Kikiwa cha kawaida ni pungufu, si wote wanaostahili, na uombe kabla ya miaka 2 kupita. Weka risiti zote.

Mwenyewe akiwa hai, mpe fomu 40-10007 aijaze sasa, ili ijulikane mapema kwamba anastahili. Atakuambia unamtabiria kifo. Mwache aseme, kisha umpe kalamu.

Na wifi yangu ana nafasi yake katika kaburi lile lile, jina lake liandikwe kwenye jiwe lile lile, bila kulipa kitu. Hata akiolewa tena. Hilo la mwisho sijamwambia mama.