Bibi anasahau: jinsi ya kuchagua hadithi ya kumsomea mtoto

Wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha, kama nyumbani kuna mzee mwenye dimensia, yaani ubongo unaumwa na kumbukumbu zinapotea, na unataka mtoto aelewe kupitia hadithi, usiangalie michoro kwanza, angalia mwandishi kaufananisha ugonjwa na nini, maana mtoto mdogo anachukua maneno kama yalivyo. Ukimsomea kwamba kumbukumbu za bibi zimeibiwa atamtafuta mwizi, na huku kwetu bado kuna watu wananong'ona uchawi, huyo mwizi atapewa jina haraka sana. Kitabu cha hivyo mi nasema kiache hukohuko dukani.

Mfano mzuri unafanana na ugonjwa wenyewe. Alzheimer, ambayo ndo chanzo kikubwa cha dimensia, kwa kawaida inaanza kula mambo ya juzijuzi, bibi hakumbuki kama kanywa chai ila harusi yake anaisimulia yote. The Remember Balloons ya Jessie Oliveros (2018) inafananisha kumbukumbu na maputo, ya babu yanamponyoka ila hadithi alizomsimulia mjukuu zinabaki kwenye maputo ya mjukuu. Naipenda sana kwa hilo. Ile ya Mem Fox ya 1984, Wilfrid Gordon McDonald Partridge, mvulana anampelekea bibi vitu na kumbukumbu zinarudi, nzuri pia, ila mwambie mtoto kabisa kwamba vitu vinamfurahisha bibi, haviponyeshi, la sivyo atahangaika kuleta vitu na kujiona kashindwa.

Huna kitabu? Tunga yako. Mtoto wa Uchagani anaujua mfereji: maji yanashuka toka mlimani, yakipungua mashamba ya chini ndo yanakauka kwanza, ya juu bado yanapata. Utoto wa bibi ni shamba la juu, leo asubuhi ni la chini kabisa. Atauliza nani kaziba maji, uwe na jibu: hakuna aliyeziba, mfereji wenyewe unavuja, na kuna siku maji yanafika na siku hayafiki.

Ila kabla ya mfano wowote sema wazi: bibi anaumwa ubongo, hauambukizi, na siyo kosa lako. Na siyo bibi yenu tu, utafiti wa wilaya ya Hai uliotoka 2013 ulikuta kama wazee 6 kwa kila 100 wa miaka 70 na kuendelea wana dimensia.

Ukimaliza mwambie akusimulie yeye alivyoelewa. Akisema bibi kamkasirikia, weka hadithi pembeni, mwelezee tena bila mfano.