Mdahalo wa wageni, uraia na uzalendo: mwongozo kwa mshika maiki wa Nyanda za Juu Kusini

Mdahalo wa aina hii mara nyingi huharibika kabla watu hawajaketi, na kinachouharibu ni tangazo lake. Ukiandika "Je, wageni wanatumaliza?" ukumbi wa Mwanjelwa utajaa, watu watazomeana kwa saa mbili, kisha kila mmoja ataondoka na kile alichokuja nacho. Swali hilo halina jibu, lina pande tu.

Swali linalojibika hutaja sheria au uamuzi fulani, hutaja mahali, na humtaja anayeguswa. Chukua amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotugusa huku. Uliza hivi: "Asiye raia akizuiwa kununua parachichi shambani, mkulima wa Rungwe atapata bei nzuri zaidi au atakosa mnunuzi?" Sasa mkulima anaweza kuipinga amri bila kuitwa msaliti, na dalali anaweza kuitetea bila kumtukana Mkenya au Mchina.

Kamba tatu

Karibu kila hoja kuhusu wageni ina maswali matatu yaliyosokotwa pamoja. Lipo la sheria: nani raia, nani ana kibali, nani hana. Lipo la tumbo: nani anapata na nani anakosa. Na lipo la moyo: nani ni mwenzetu. La sheria hujibiwa kwa karatasi, la tumbo kwa hesabu. La moyo halina karatasi wala hesabu, na ukilipigisha kura utajuta.

Kazi yako kubwa ni kusikia msemaji anapovuka kutoka kamba moja kwenda nyingine. Mtu huanza vizuri, "wananunua mpunga Kyela ukiwa bado shambani, mkulima anapunjwa," halafu pumzi ileile inamalizia, "na hawa tangu lini wakawa wenzetu?" Mkatize palepale, kwa adabu: "Mzee wangu, la bei nimelipata na naomba ulimalizie. Hilo la pili ni swali lingine, lina wakati wake." Ukichelewa nusu dakika makofi yatakuwa yameshapigwa, na makofi hayarudishwi.

Maneno, kabla ya hoja

Tenga dakika 10 za mwanzo kwa maneno. Waandaaji wengi huziona ni za kupoteza. Kwa mikoa hii ndizo zinazookoa saa inayofuata.

"Mhamiaji" Tunduma ni mtu wa nchi nyingine. Ukilitamka neno hilohilo Mbarali, wengi watafikiria wafugaji walioingia bonde la Usangu na ng'ombe wao, Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai, wakaondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu mwaka 2006 na 2007. Hao ni raia. Mada ya "wahamiaji" ikipelekwa Rujewa, makao makuu ya Mbarali, isipofafanuliwa, Msukuma aliyekaa kiti cha nyuma atasikia anaambiwa arudi kwao, na atakuwa amesikia sawasawa.

"Mgeni" ni neno la heshima nyumbani na neno la kumtenga mtu jukwaani, kwa hiyo kwenye hoja za sheria tumia "asiye raia". "Mkimbizi" ana hadhi yake kisheria, si kila aliyekimbia njaa. "Mhamiaji haramu" liache: kitendo ndicho huwa kinyume cha sheria. Sema "aliyeingia bila kibali". Waethiopia wanaokamatwa kwenye malori njia ya Tunduma wakielekea Afrika Kusini wengi wao hawana nia ya kubaki hapa hata wiki, kwa hiyo hoja ya "wanachukua ajira zetu" haiwahusu. Hoja inayowahusu ni ya mawakala na njia za panya, na hiyo ina Watanzania ndani yake.

Neno gumu kuliko yote ni "mzawa". Mjadala wa uzawa wa miaka ya 1990, wakati wa ubinafsishaji, ulianza kama hoja ya uchumi: nani anunue mashirika ya umma, nani apate mtaji. Ukachanganyika na rangi haraka sana. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, aliwapa wanyonge jina la "walalahoi" na Waasia jina la "magabacholi". La kwanza limebaki lugha ya kawaida, la pili ni tusi. Msemaji akisema "mzawa", muulize kwa upole ana maana gani: raia, aliyezaliwa hapa, au mweusi? Majibu hayo matatu yanaleta sera tatu tofauti, na mara nyingi yeye mwenyewe hajawahi kuyatenganisha.

Karatasi ya sheria

Chapa ukurasa mmoja, herufi kubwa, uwape wasemaji siku mbili kabla na uweke nakala chache ukumbini. Usizidishe, karatasi ya kurasa nne haisomwi. Yafuatayo yanatosha.

Uraia wa Tanzania uko wa aina tatu, kwa Sheria ya Uraia ya 1995: kuzaliwa, kurithi na tajinisi, yaani wa kuomba na kupewa. Anayeomba tajinisi awe amekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi, jumla ya ukaazi wake isipungue miaka 7. Mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Rais lazima awe raia wa kuzaliwa, ibara ya 39 ya Katiba. Kwa ubunge, ibara ya 67 inasema raia tu. Hapo ndipo watu hukosea kila mara, hata wagombea wenyewe.

Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, rangi na dini, pamoja na mengine. Ibara ya 20 inanyima usajili chama kinachopigania masilahi ya kabila, rangi, dini au eneo moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, vifungu vya 17 na 18, inagusa maandishi na matusi ya kibaguzi yanayosambazwa kwa kompyuta au simu, kwa hiyo kipande cha video cha mdahalo wako nacho kinahusika.

Adhabu za amri ya 2025 ziweke pia, kwa sababu watu huzikuza: asiye raia akikiuka, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali. Raia anayemsaidia, yule anayeazima jina lake kwenye leseni, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kipengele hiki cha pili huwa hakitajwi na wanaopiga kelele zaidi.

Ongeza mstari mmoja kuhusu jirani. Kenya iko nasi kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa soko la pamoja ulianza kazi mwaka 2010. Zambia na Malawi hazimo. Hizo tuko nazo SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Mtu wa Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, hadai haki za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala Mtunduma hawezi kuzidai akivuka.

Wasemaji na muda

Wanne wanatosha, mwendeshaji mmoja, mtunza muda mmoja ambaye si mwanachama wa upande wowote. Dakika 90: kumi za maneno, kila msemaji dakika 5 za kufungua, mabishano dakika 25, ukumbi dakika 30, kila msemaji dakika moja ya kufunga. Inayobaki italiwa na maiki inayokoroma.

Usimwite mtu aje kuwakilisha rangi yake. Mfanyabiashara Mtanzania mwenye asili ya India aitwe kwa sababu anajua bei ya mbolea, na Mbaluchi wa Usangu kwa sababu analima mpunga. Ukimtambulisha kwa asili, umeshajibu swali la moyo kabla halijaulizwa. Tambulisha wote kwa kazi na mtaa.

Asiye raia anaweza kualikwa azungumzie maisha yake, lakini usimpange kwenye upande wa kudai sera ya chama. Utamwingiza kwenye matatizo ya kibali kwa faida yako.

Kama ni mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa wilaya si chini ya saa 48 kabla. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Kipindi cha kampeni usiubandike mdahalo kwenye mkutano wa chama. Kama ni redio ya jamii, maswali ya wasikilizaji yapokelewe kwa ujumbe mfupi, yasomwe na mtangazaji. Simu za moja kwa moja kwenye mada hii ni kucheza na kiberiti.

Moto ukiwaka

Shambulio la kawaida ni "kwanza tuambie wewe ni raia?" Limewahi kupigwa juu kuliko ukumbi wako. Hapo Zambia, ng'ambo ya Tunduma, Katiba ilibadilishwa mwaka 1996 ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia kwa kuzaliwa au kwa kurithi. Aliyelengwa ni Kenneth Kaunda, baba wa taifa lao, aliyezaliwa Chinsali kwa wazazi waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1999 mahakama ikamtangaza kuwa hana uraia kabisa, baadaye akaurudishiwa. Kwetu, mwaka 2001, mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa si raia, akaja kuupata kwa tajinisi. Mshika maiki asihukumu kesi hizo. Azitumie kuonyesha kwamba swali la uraia huulizwa zaidi kwa mtu anayekera kuliko kwa mtu asiye na karatasi. Kisha aseme: "Suala la uraia wa mtu lina ofisi yake, Uhamiaji. Hapa tunajibu hoja." Asimwombe aliyeshambuliwa aonyeshe kitambulisho. Akishaonyesha mmoja, wote wataombwa.

"Huyu si mzalendo" ni la pili. Omba kitendo: "Alifanya nini?" Akitaja kitendo, jadilini hicho. Akibaki na jina tu, kama kibaraka au mtumwa wa mabeberu, mtunza muda agonge kengele. Ukumbi ukibisha, upo mfano wa zamani. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata na kusema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi. Wale waliompinga nao walijiona wazalendo, na walikuwa na uchungu wa kweli wa kubaguliwa na wakoloni. Ukisema nusu ya kwanza ukaacha hii ya pili, wazee watakushtukia.

La tatu ni Ziwa Nyasa, hasa Kyela. Malawi hushika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, unaoweka mpaka ufukweni upande wetu. Tanzania husimamia katikati ya ziwa. Likizuka kwenye mada isiyo yake, eleza pande zote mbili kwa sentensi mbili hizo na urudi kwenye mada. Kumbuka kwamba Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana kwa lugha na wanazikana. Msemaji anayetaka "Wamalawi wafukuzwe" huenda ana shangazi ng'ambo ya mto Songwe, na mara nyingine kumuuliza hivyo kunatosha.

La nne ni takwimu za mdomoni: "wako laki tatu hapa Mbeya." Weka kanuni tangu mwanzo kwamba namba isiyo na chanzo inaandikwa ubaoni na alama ya kuuliza mbele yake. Haikatazwi, inaning'inia pale. Mfano wa namba inayosimama: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wa Katumba na Mishamo kule Katavi na Ulyankulu kule Tabora, takriban 162,000 walipewa uraia wa tajinisi. Hao ni Watanzania na wanapiga kura, hata kama jirani yao bado anawaita Warundi.

Mtu akisema nchi hii haijawahi kuzoea wageni, mkumbushe Wapolandi waliokimbia vita ya pili ya dunia wakawekwa Ifunda na Kidugala, na Wachina waliojenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Usiitumie kama kofi. Mwenye duka Uyole anayeshindwa na bei za mpinzani hafarijiki kwa reli ya 1975. Lake ni la tumbo, mpe dakika zake.

Baada ya mdahalo, kusanya kadi za maswali usiku huohuo kabla hazijapotea. Za uraia na vibali ziende Uhamiaji mkoa, za leseni kwa afisa biashara wa halmashauri, za bei kwa chama cha ushirika. Andika tarehe uliyopeleka na jina la cheo kilichopokea, ubandike orodha mlangoni pa ukumbi uleule, na majibu yakija yaandikwe kwa kalamu pembeni yake.