SOMO: Kukinywesha kisima maji ya paa

Naliandika mara moja, maana swali la "kisima changu kimekuwa chumvi, nifanyeje" linarudi kila wiki. Dawa ni kuchimba shimo la mawe na mchanga karibu na kisima, mvua ya paa ipite humo ikichujwa, ishuke iongeze maji matamu chini. Hili ni la penye jiwe la matumbawe hapa Mombasa: kisiwani, Nyali, Bamburi na kwengineko ufukweni. Wa Changamwe na Mikindani, chini yenu kuna mwamba wa tope unaozuia maji; nyinyi jengeni tangi.

1. Kwanza ijaribu ardhi: chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji mara mbili. Ya pili yakikauka ndani ya nusu saa, endelea.

2. Shimo lenyewe liwe mita 5 au zaidi kutoka kisimani, na lisipungue mita 30 kutoka shimo la choo. Sakafu yake ibaki mita 1 juu ya maji ya kisima, ukipima baada ya masika, bamvu (maji makuu ya bahari) likijaa.

3. Paa la mabati au vigae. Makuti na asbestosi, hapana.

4. Maji ya mwanzo yana vumbi na mavi ya kunguru, yatoe. Lita 1 kwa kila mita mraba ya paa: paa la mita mraba 100 lataka pipa la lita 100, lenye tundu dogo chini lijimwage lenyewe.

5. Shimo: mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 2. Toka chini panga mawe mita 1, kokoto sentimita 30, kokoto ndogo kama punje za mahindi sentimita 10, mchanga sentimita 40. Juu bakisha sentimita 20.

6. MCHANGA. Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Matumbawe yana nyufa na mapango, maji hupita humo bila kuchujwa, kwa hivyo chujio ni huo mchanga tu. Wa ufuoni una chumvi, usiulete. Vumbi la kokoto hushikana likawa kama saruji. Tafuta wa mto, punje nene, kisha uujaribu: tia sentimita 10 kwenye chupa, jaza maji, tikisa, acha saa 3. Juu ya mchanga utaona utando laini wa tope. Ukizidi nusu sentimita, osha tena. Tope hilo likishuka huziba katikati ya kokoto, mkono haufiki, na shimo zima litafukuliwa. Wala usitandike chandarua baina ya tabaka. Huziba masika ya kwanza.

7. Bomba la kutoa maji yanayozidi shimoni liende mtaroni. Kila baada ya msimu kwangua sentimita 3 za juu za mchanga, rudishia safi.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Si niunganishe gata moja kwa moja kisimani tu?
Jibu: Soma namba 4 na 6. Utamwaga mavi ya ndege kwenye maji ya jirani zako.

Baba Rukia: Choo kiko mita 8, lakini kimejengewa vizuri.
Jibu: Usichimbe. Weka tangi.

Bi Mwanaisha: Samahani mwalimu, mbona chumvi imepanda na kisima hatujakiongeza kina?
Jibu: Swali zuri, mama. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya ya bahari. Kwa kadirio, kila sentimita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba 40 chini yake. Pampu ikishusha kisima sentimita 10, chumvi yaweza kupanda hata mita 4. Basi tumia pampu ndogo, ivute polepole saa nyingi. Kipimo cha chumvi nacho kitumie bahari ikiwa katika hali ile ile kila mara, kisima cha karibu na pwani hupanda na kushuka na maji.

Bi Mwanaisha: Nikifanya peke yangu nitaona faida?
Jibu: Kidogo mno. Shimo hili lashika kama lita 1,500, na zitatambaa kwa jirani na hatimaye baharini. Anzeni na mapaa mapana: mvua ya milimita 20 kwenye paa la shule la mita mraba 1,000 ni lita 20,000, hapo mashimo yaongezwe. Na pampu za mtaa zipunguzwe pamoja.

Fundi Mwinyi: Msikitini kwetu maji ya udhu yaenda mtaroni. Yatiwe humo?
Jibu: Shimoni hapana, yamepita mwilini. Yapelekeni kwenye migomba, kisima kitapumzika kumwagilia.

Fundi Mwinyi: Minazi je?
Jibu: Minazi pia, ila mfereji uwe hatua mbili kutoka shinani.