Valvu za 6V6 zikiwaka nyekundu, usikimbilie bayasi

Deluxe Reverb za miaka ya 1960, amplifaya za gitaa za Fender, zinazofika mezani kwangu hapa Dar huja na kilio kilekile: valvu za nguvu, yaani 6V6 mbili, huwaka nyekundu kwa mkondo kuzidi na hazidumu, na fundi aliyetangulia ameshazungusha kirekebishi cha bayasi (volti hasi kwenye gridi inayozuia mkondo wa valvu) mpaka mwisho. Mimi sikigusi kwanza. Volti za anodi (sahani inayopokea mkondo ndani ya valvu) na mkondo wa bayasi (unaopita valvu bila gitaa kupigwa) huvutana: mkondo ukizidi, volti hushuka, valvu zikigoma kuvuta, volti hupaa. Ukisoma volti 460 kwenye anodi, huenda transfoma ni nzima na valvu moja tu imelala.

Usalama hauna mzaha. Chomoa plagi, kisha maliza umeme wa kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyofungwa kwa klipu kwenye chasisi. Hakikisha kwa mita. Ukipima umeme ukiwa ndani, mkono mmoja uwe mfukoni, na spika isitoke, la sivyo utaua transfoma ya spika.

Anzia ukutani. Hizi za Marekani zilitengenezwa kwa volti 117, nasi tunazilisha kwa kisanduku cha kushusha umeme ambacho mara nyingi hugawa kwa mbili tu. Ukutani kukiwa 245, amplifaya inapata 122. Mchoro wa AB763, wa saketi ya amplifaya hizi, unasema volti 415 kwenye anodi. Wewe utaona kama 434, na filamenti (waya unaopasha valvu moto) 6.6 badala ya 6.3. Huo si ugonjwa. Filamenti ikipita 6.9, badilisha kisanduku. Angalia pia kama kuna mjanja aliyeng'oa GZ34, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, akaweka diodi. Hapo volti lazima zipande.

Sasa toa 6V6 zote mbili, washa, pima pini 5 (gridi) ya kila soketi. Unatafuta volti hasi 35 au karibu yake, pande zote sawa. Zikiwa dhaifu zote, shuku kapasita ya bayasi iliyokauka, au iliyofungwa kinyume: chanya yake ndiyo huenda kwenye chasisi, na wengi hawaamini. Ukiwa dhaifu upande mmoja, kapasita ya kuunganisha inavujisha umeme wa anodi ya valvu iliyotangulia, au rezista ya kiloomu 220 imekatika.

Gridi zikiwa safi, zima, maliza umeme tena, halafu chomelea rezista ya omu 1 kati ya pini 8 (kathodi, unakopita mkondo wa valvu) na chasisi, kwa kila valvu. Milivolti 1 ni miliampia 1. Rudisha valvu, washa. Tuseme umesoma milivolti 30 kwa volti 434: ukiondoa kama miliampia 1.5 za skrini (gridi ya pili ya valvu), anodi inakula wati 12.4, na 6V6GT ya kawaida mwisho wake ni 12. Lenga asilimia 70, yaani wati 8.4: kama milivolti 21. Ukishusha mkondo volti zitapanda kidogo, kwa hiyo pima tena na upige hesabu upya. Wapo wanaopandisha zaidi wakidai sauti inanoga. Kwa bei ya valvu za siku hizi, wanoge wao.

Valvu moja ikisoma sifuri, kagua rezista ya skrini, omu 470. Moja ikibaki nyekundu, badilishana soketi: wekundu ukiifuata valvu, valvu hiyo imekwisha, ukibaki kwenye soketi, rudi pini 5.